Ubia na Wifi Yangu

Swali: Mimi na wifi yangu tunauza leso Mtaa wa Biashara, Mombasa. Mtaji ni wake, wateja ni wangu, na sasa kila mmoja anadai ndiye aliyeibeba biashara. Tutengane?

Jibu: Dada yangu, msitengane. Mteja husoma jina la leso, yaani msemo ulioandikwa juu yake, kabla ya kutoa pesa, na hununua kwa kuwa wifi yako aliiagiza nawe ukamchagulia iliyosema la moyoni mwake. Faida hiyo hakuna kati yenu ambaye angeipata peke yake. Hata hivyo, andikeni mkataba unaotaja fungu la mtaji na malipo ya kazi yako, kwani chini ya Sheria ya Ubia ya mwaka 2012 deni la duka ni lenu nyote. Kaeni jioni mkishafunga, daftari la mauzo likiwa mbele yenu, na wifi yako aanze kusema.