Malipo ya Mei Mosi na ile asilimia 6

Swali: Wakili, mwaka wa nne huu mimi ni mpakiaji katika duka la simenti na mabati hapa Malindi, na hulipwa shilingi 18,000 kila mwisho wa mwezi. Mei Mosi tulipakia malori tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, naye tajiri anasema kibarua hana sikukuu. Tena hajaniongeza ile asilimia 6 iliyotangazwa na Rais mwaka 2024. Bwana mmoja pale sokoni anataka shilingi 3,000 aniandikie barua ya madai. Nimpe?

Jibu: Usimpe. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua ni mtu anayelipwa kila jioni na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Wewe umevuka mpaka huo zamani, hata tajiri akuite kibarua mara mia. Mei Mosi ni sikukuu ya kisheria, na Amri ya Jumla ya Mishahara inataka saa zilizofanywa siku hiyo zilipwe mara mbili. Gawa 18,000 kwa 225, saa ambazo amri hiyo huzihesabu kwa mwezi, upate shilingi 80 kwa saa. Mara mbili ni 160, na kwa saa nane ni shilingi 1,280.

Hiyo asilimia 6 ndiyo inayonichosha kila mwaka ufikapo mwezi wa Mei. Watu husikiliza hotuba redioni, kisha kesho yake humwendea tajiri kana kwamba sheria imekwisha kubadilika. Hotuba haipandishi mshahara wa mtu. Kinachoupandisha ni amri iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ile ya 2024 ilianza kutumika tarehe 1 Novemba, miezi sita baada ya jukwaa kuvunjwa. Hata hapo, kilichopanda ni kima cha chini cha mshahara tu, ambacho kina ngazi tatu: ya kwanza ni Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru; ya pili ni miji iliyokuwa manispaa, Malindi ikiwamo; na ya tatu ni kwingineko kote. Anayelipwa zaidi ya kima cha ngazi yake, pamoja na marupurupu ya nyumba, hana cha kudai kwa amri hiyo. Shilingi 18,000 kwa kazi ya kupakia zimepita kima cha 2024.

Waandishi hawa wa vibarazani hawayajui hayo, au wanayajua na wananyamaza. Barua moja niliyoletewa, yenye mihuri miwili ya rangi mbili, ilidai nyongeza ya Mei hadi Oktoba 2024, miezi ambayo amri ilikuwa haijaanza. Malipo ya sikukuu, ambayo mteja alistahili kweli, hayakutajwa popote. Tajiri aliisoma, akacheka, kisha akamsainisha yule mtu karatasi ya kukiri kwamba amepokea haki zake zote, kwa shilingi 2,000. Karatasi kama hiyo usiitie saini kabla mjuzi hajaisoma, kwa kuwa kuitengua mahakamani ni kazi ngumu.

Kaandike pembeni tarehe, saa na majina ya wenzako mliopakia nao, kisha uyapeleke kwa afisa wa leba kabla miaka mitatu haijapita. Kupokea malalamiko yako ni kazi yake, na hakutozi hata senti.