Kapi la mfumaji limeanza kutoa unga. Nilipake mafuta gani?

SWALI: Nilinunua Abidjan kapi la kufumia la Wabaule, watu wa Ivory Coast, lenye kichwa cha mwanamke kilichochongwa vizuri. Sasa kila asubuhi nakuta unga mweupe chini yake. Seremala wetu anasema nilipake mafuta ya taa, kisha nilisugue kwa kiwi likolee. Ni sawa? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, usilipake chochote. Huo unga ni kazi ya bungua, wadudu watoboao mti, walio hai ndani yake, na mafuta ya taa hayawafikii waliko. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, mfuko usiufungue hadi kesho yake, unyevu utue kwenye plastiki na si kwenye mti. Kisha liweke juu ya karatasi nyeusi uone kama unga unarudi.

Kinachonikera zaidi ni hiyo kiwi. Watu wanaamini kuwa weusi ndio ukale. Sivyo! Kapi hili ni kifaa cha kazi: lilining'inia juu ya mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), kamba ikizunguka kwenye kigurudumu chake, mfumaji akikanyaga huku, nyuzi za upande mmoja zinashuka, za pili zinapanda, mshindio (uzi wa kukatiza) unapita kati yake. Kazi hiyo huacha alama mahali pake. Tundu za mhimili hupanuka na kuwa za mviringo mbovu, miguu miwili inayoshika kigurudumu hulainika kwa ndani, shingo hulika pale kamba ilipolitundika, na pengine pamba huganda na uchafu kandokando ya kigurudumu. Nyuma ya masikio, ambako kamba haifiki, alama za kisu hubaki kali.

Wanaoghushi hufukiza moshi na kupaka weusi kote sawasawa. Ukisugua kiwi, unafuta tofauti hizo na kukifanya kitu halisi kifanane na cha kughushi. Ushauri huohuo mbovu nausikia kwa vigoda, mabao na mbuzi za nazi za bibi zetu, eti mti wa kale una kiu. Mafuta yakishazama hayatoki yote, hata ukituletea sisi wahifadhi wa vitu vya kale. Na zile dawa za kunyunyizia za dukani, nazo ziache: sumu yake hubaki kwenye kitu ambacho wewe na wanao mtakishika kila siku.