Kuzamia kwenye machimbo yenye geti: ya kupanga kabla ya kugusa maji

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu machimbo ya mawe yaliyojaa maji si la kina wala la baridi. Watu wanataka kujua sisi huwa tunaingiaje, maana geti lina kufuli na kibao kinasema wazi kwamba ni marufuku kuogelea. Jibu langu huwaudhi wengi: jiunge na klabu kwanza. Mwenye machimbo hana ugomvi na wazamiaji. Anachoogopa ni maiti, polisi na kampuni ya bima, kwa mpangilio wowote utakao. Mtu mmoja anayepiga simu kuomba aje Jumamosi na rafiki yake ni mzigo mtupu kwake. Klabu yenye bima, kiongozi anayejulikana na orodha ya majina ni kitu kingine kabisa.

Ukishapata nafasi, nenda na kadi yako ya uzamiaji, daftari la mbizi zako na fomu ya afya bila kusubiri kuombwa. Kuhusu picha, uliza kabla ya kuzirusha mtandaoni. Wamiliki wengi hawataki mahali pao pajulikane, kwa sababu wiki inayofuata vijana huruka uzio na kuanza kujirusha kutoka juu ya miamba.

Sasa, maana halisi ya geti hilo. Stoney Cove huko Leicestershire, Uingereza, ni machimbo ya zamani pia, lakini unalipa kiingilio, unakuta duka, unajaziwa mtungi na kuna watu wanaosimamia usalama. Dorothea, machimbo ya mawe ya kuezekea kaskazini mwa Wales, yana kina kinachozidi mita 100, hayana huduma yoyote, na wazamiaji wengi wamefia humo. Machimbo yenu ya ruhusa, hata yakiwa na mita 20 tu, kwa upande wa huduma yanafanana na Dorothea. Hakuna kompresa ya kujazia mitungi hewa, hakuna wa kukuazima mkanda wa miwani, hakuna wa kukuvuta.

Kwa hiyo mitungi ijazwe jana yake na ipimwe kwa geji kabla hujaipakia garini. Beba pete za mpira za akiba. Ile ndogo ya kwenye vali ya mtungi ikipasuka, siku imeisha. Halafu jambo ninalolisisitiza hadi watu wananichoka: ufunguo wa geti unabaki nchi kavu, kwa mtu asiyezama. Nimeshawahi kufika mahali nikakuta ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliye ndani ya vazi kavu (vazi la kuzamia lisilopitisha maji), yuko chini ya maji, na geti limefungwa nyuma yetu. Gari la wagonjwa lingekuja lingesimama wapi? Mtu wa nchi kavu awe na ufunguo, mtungi wa oksijeni anaojua kuutumia, na maelezo ya njia yaliyoandikwa kwenye karatasi. Ajaribu pia simu yake palepale ukingoni, si barabarani, kwa sababu kuta za mawe humeza mtandao. Na kabla ya yote, tazameni njia ya kutokea majini mkajiulize mtampandishaje mtu aliyezimia. Kama hamna jibu, msizame hapo.

Tuje kwenye maji yenyewe. Kama umezoea bahari, punguza risasi za mkanda, yaani vipande vizito vya madini vinavyokusaidia kuzama. Maji ya chumvi ni mazito kuliko yasiyo na chumvi kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake anafika kilo 100 hupunguza kama kilo 2.5. Usikisie. Pima juu ya maji ukiwa na mtungi uliobaki na shinikizo la bar 50 hivi: toa hewa yote kwenye jaketi (lile la kujazwa hewa ili uelee), vuta pumzi ya kawaida, na maji yafike usawa wa macho. Aliyezidisha risasi hutua sakafuni kwa magoti, na sakafu ya machimbo haisamehe.

Maana kule chini kuna unga wa mawe uliolala miaka mingi bila kuguswa. Niliwahi kukaa nyuma ya mzamiaji mgeni nikitazama ncha za mapezi yake. Hakugusa chini hata mara moja, lakini kila teke lilisukuma maji kuelekea sakafuni, na nyuma yake pakainuka wingu la kijivu, kimya kimya, mpaka tochi yangu ikawa inamulika ukuta mweupe. Yeye mbele aliona maji safi muda wote. Machimboni hakuna mkondo wa kuliondoa wingu hilo, na linaweza kukaa kwa saa kadhaa. Jifunze teke la chura, ambalo husukuma maji nyuma badala ya chini, na ujifunze kugeuka papo hapo bila mikono. Kubalianeni kabla ya kuingia: mkipotezana, mnatafutana kwa dakika moja, kisha kila mtu anapanda taratibu na mnakutana juu. Anayeendelea kutafuta chini huongeza idadi ya waliopotea.

Baridi nayo ina mlango wake. Kuta huzuia upepo, maji hayachanganyiki, na jua hupasha tabaka la juu tu. Ukishuka, ghafla maji yanatetemeka mbele ya miwani kama hewa juu ya lami yenye joto kali. Nyoosha mkono chini: vidole viko kwenye baridi ya kuuma, kiwiko bado kiko kwenye uvuguvugu. Juu inaweza kuwa nyuzi 20, chini nyuzi 7. Vaa kwa ajili ya chini.

Hapo ndipo regileta, kifaa kinachokupa hewa ya mtungi mdomoni, hujaribiwa. Hewa inayotanuka kutoka kwenye shinikizo kubwa hupoa sana, na maji yakiwa chini ya nyuzi 10 barafu inaweza kuizuia vali isifunge, hewa ikabubujika mfululizo na mtungi ukaisha kwa dakika chache. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 kinaweka mpaka wake hapohapo kwenye nyuzi 10, na regileta isiyofaulu jaribio la baridi huandikwa alama ya >10 °C. Isome yako leo. Ukiwa chini, jaza jaketi kwa vibonyezo vifupi, na usijaze huku unavuta pumzi. Asubuhi ya baridi kali, usiijaribu regileta kwa kuvuta pumzi nyingi ukiwa bado nchi kavu.

Kuta hushuka wima, hivyo ni rahisi kujikuta mita 30 ukiamini uko 18. Jicho liwe kwenye kompyuta ya mbizi. Kamba na nyaya za zamani zipo, beba kisu. Machimbo yakiwa zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, hesabu za mbizi hubadilika. Na uliza kilichokuwa kinachimbwa: maji ya buluu ya kupendeza ya machimbo ya chokaa ya Harpur Hill, karibu na Buxton, Uingereza, yalikuwa na pH ya takriban 11, yaani alkali kali ya kuwasha ngozi, yakaja kutiwa rangi nyeusi mwaka 2013 ili watu wasivutiwe kuogelea.

Mwisho ni usafi wa vifaa, na baadhi ya wamiliki ni wakali hapa kuliko kwenye kadi. Kome aina ya zebra, walioanza kuyasumbua Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini miaka ya 1980, husafiri wakiwa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, ndani ya maji kidogo yaliyobaki kwenye jaketi au kiatu. Kagua, osha, kausha. Jaketi limwagwe maji hadi tone la mwisho. Vazi nene huchukua siku kadhaa kukauka, kwa hiyo ukizama ziwani Jumapili, usikubali mwaliko wa machimbo wa Jumanne.