Besi nyembamba, kanisa linavuma: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga besi kwenye kwaya ya vijana hapa Morogoro. Kanisa letu linaingiza watu kama 250, kuta za tofali, paa la bati, halina dari. Tumechangishana, na kamati imeniagiza nipeleke orodha ya gitaa la besi na amplifaya. Mpiga kinanda anasisitiza tununue la nyuzi tano. Kuna mtu anauza amplifaya ya mtumba ya wati 400 kutoka Marekani, bei yake inavutia. Tulivyo navyo ni miksa ya chaneli 12, spika mbili za inchi 15 na sabufa moja. Huwa tunaalikwa pia kwenye mikutano ya nje na harusi. Kwa sasa gitaa naazima, nachomeka moja kwa moja kwenye miksa. Besi inatoka nyembamba, na papo hapo kanisa zima linavuma. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Orodha ya kamati isubiri kidogo. Nianze na huo wembamba na mvumo, kwa sababu dawa yake ni ya bei ndogo kuliko chochote mlichopanga kununua.

Pikapu (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya gitaa la besi lisilo na betri hutoa umeme dhaifu, na inataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, kama omu milioni moja. Amplifaya za besi zimetengenezwa hivyo. Tundu la laini kwenye miksa huwa na omu elfu kumi hivi, la maikrofoni elfu mbili au tatu tu. Ukichomeka humo pikapu inalemewa, noti zinapoteza ncha, na sauti inakuwa butu na haina nguvu. Fundi mitambo haisikii besi, anapandisha geni (kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia), halafu anazungusha kitufe cha sauti za chini mpaka mwisho. Besi yenyewe bado haieleweki, ila mngurumo umeshajaa ukumbi. Na kama kutoka jukwaani hadi miksa ni mbali, waya nao unakula: waya wa gitaa ukizidi mita sita hivi, sauti za juu zinaanza kupotea.

Kinachotakiwa ni boksi la DI, kiboksi kinachoipokea sauti ya gitaa na kuipeleka kwenye miksa bila kuilemea pikapu. Gitaa linaingia upande mmoja kwa waya mfupi, upande wa pili unatoka waya wa pini tatu kama wa maikrofoni, ambao unaweza kwenda mita 30 na zaidi bila shida. Kwa gitaa lisilo na betri chukua boksi linalotumia umeme, ama wa betri yake lenyewe ama zile volti 48 zinazotoka kwenye miksa. Shusha voliumu zote kabla hujabonyeza swichi ya volti 48, la sivyo mlio wake utawashtua hata wazee wa nyuma. Kama kuna mvumo mfululizo, jaribu swichi ya kukata ethi (waya wa ardhini) iliyo kwenye boksi hilo. Inakata ethi ya waya wa sauti tu, ndiyo maana ni salama. Anayekushauri ung'oe pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, usimsikilize.

Sasa huo mvumo. Bati na tofali bila dari ni ukumbi mgumu kwa besi, na kuongeza wati hakuutibu. Kuna mambo ambayo mnaweza kufanya Jumamosi hii bila kutoa senti. Maikrofoni za kwaya zinaokota besi inayotembea jukwaani na kuirudisha kwenye spika, kwa hiyo bonyezeni kitufe cha kukata sauti za chini, mara nyingi cha 80 au 100 Hz (mitetemo kwa sekunde; namba ndogo ni sauti ya chini), kwenye kila chaneli ya mwimbaji. Sabufa itoeni kwenye kona, maana kona inakuza sauti za chini kupita kiasi. Kwenye chaneli ya besi, punguzeni kidogo kati ya 200 na 250 Hz, ambako ndiko kunakokaa tope, kisha ongezeni kidogo kati ya 700 na 1000 Hz ili vidole visikike.

Halafu kuna mkono wako. Noti ndefu isiyozimwa kwenye ukumbi unaorudisha sauti inakanyagana na noti inayofuata. Gitaa la besi la kwanza kuuzwa kwa wingi, Fender Precision la mwaka 1951, lilikuwa na kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja ili kufupisha noti. Kata kipande cha sponji ya godoro, kibane chini ya nyuzi karibu na daraja, upige nacho mazoezini. Kwenye sebene utaona tofauti papo hapo. Besi ya sebene inaruka na kukata, inaacha pengo ili kiki (ngoma kubwa ya drams) na gitaa la solo vipite. Noti zikiburuzika mapengo yale yanajaa, na watu wanaacha kucheza bila kujua kwa nini.

Nyuzi nne au tano? Mpiga kinanda wako ana hoja, ila si yote. Uzi wa chini wa gitaa la nyuzi nne ni E, 41 Hz. Wa tano ni B, 31 Hz. Nyimbo za kuabudu zinapenda E-flati na D-flati, na mwalimu wa kwaya akishusha kii asubuhi ya ibada kwa sababu waimbaji wamekauka koo, wewe mwenye nyuzi nne huna pa kukimbilia ila kwenda oktavu ya juu. Hapo uzi wa tano unasaidia kweli. Lakini spika za inchi 15 kama zenu nyingi huanza kuchoka kwenye 50 Hz, na sabufa ya kawaida haishuki chini sana ya 40. Ile 31 Hz haitoki. Msikilizaji anasikia 62 na 93, yaani sauti za juu za uzi huohuo, na ubongo unajaza pengo. Ukilazimisha ile ya chini kwa kuongeza kitufe cha besi, unachoma nguvu za amplifaya na kutikisa koni bure.

Magitaa ya bei ya chini ya nyuzi tano yana ugonjwa mmoja: uzi wa B unalegea na kubwabwaja, noti yake haina umbo. Dukani piga uzi wa B kwenye freti (vyuma vya shingoni) ya tatu hadi ya tano kwa nguvu, halafu linganisha E ya freti ya tano na uzi wa E ulioachwa wazi. Kama hazifanani kabisa, rudisha gitaa ukutani. Kama bajeti inatosha gitaa zuri la nyuzi nne au baya la tano, mimi nachukua nne, na kwa zile nyimbo za E-flati nashusha uzi wa E hadi D. Yamaha TRBX174 ni mfano wa gitaa la aina hiyo: nyuzi nne, halina betri, pikapu moja ya mtindo wa Precision na nyingine ya mtindo wa Jazz (gitaa jingine la besi la Fender), hivyo unapata unene na ukali kwenye chombo kimoja. Mkipata zaidi, ndugu yake TRBX305 ana nyuzi tano na anatumia betri. Squier, ambayo ni chapa ya Fender ya bei nafuu, nayo ni ya kutazama. Jina lililoandikwa kichwani lisikupumbaze, maana kuna bandia nyingi. Tazama shingo kama imenyooka, pitisha kidole pembeni mwa freti, piga kila freti ya kila uzi, zungusha vitufe usikie kama vinakwaruza.

Betri nitaisemea kwa kifupi. Gitaa la betri linatoa sauti yenye nguvu na linastahimili tundu la laini la miksa vizuri zaidi. Ila waya ukiachwa umechomekwa usiku kucha, betri ya volti 9 inaisha, na magitaa mengi ya aina hiyo hunyamaza kabisa betri ikifa. Yeyote anayetunza vyombo afundishwe kuchomoa waya, na akiba ya betri ikae kwenye mfuko wa gitaa.

Amplifaya sasa. Kwa ukumbi wenu kazi yake ni wewe na mpiga drams kuisikia besi, basi. Waumini wanaisikia kupitia miksa na sabufa. Kwa kazi hiyo amplifaya na spika katika boksi moja, wati 100 mpaka 150, spika ya inchi 12, inatosha. Muhimu iwe na tundu la pini tatu la kwenda miksa, kama Fender Rumble 100 ilivyo nalo. Amplifaya ya namna hiyo ikiwa jukwaani, hata boksi la DI mnaweza kulibakiza kama akiba. Iinueni juu ya kiti au kreti ielekee masikio yako. Ikikaa sakafuni, wewe uliyesimama karibu huisikii vizuri, unaiongeza, na anayeteseka ni mama aliyekaa safu ya tatu.

Watu wanadanganywa sana na wati. Kutoka 100 kwenda 200 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia lakini si kubwa. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili unahitaji nguvu kama mara kumi. Zaidi ya hapo, wati zilizoandikwa zinategemea omu za spika. Rumble 500, kwa mfano, inatoa wati 350 kwa spika zake yenyewe za omu 8. Zile 500 zinapatikana ukiongeza boksi jingine la omu 8, kwa kuwa maboksi mawili ya omu 8 kwa pamoja yanakuwa omu 4. Nyuma ya amplifaya pameandikwa omu za chini kabisa inazoruhusu. Ukishuka chini ya hapo unaiua. Na kwenye spika tumia waya wa spika, usitumie waya wa gitaa, hata kama plagi zinalingana.

Swali ambalo hukuuliza ila nalijibu: mpiga kinanda anafanya nini na mkono wa kushoto? Kama anapiga besi yake huku wewe unapiga yako, hakuna chombo duniani kitakachosafisha sauti hiyo. Kaeni mkubaliane. Besi ikiwepo, mkono wa kushoto upande oktavu moja au upumzike. Makanisa mengi niliyosikiliza, hapa ndipo palipokuwa na tatizo, na mengine yalikuwa yameshanunua sabufa ya pili.

Hiyo ya mtumba ya wati 400 usiilipie bila kusoma kibandiko cha nyuma. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Pakiandikwa 100–240V, inajirekebisha yenyewe. Pakiwa na swichi ya 115/230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Pakiandikwa 120V 60Hz peke yake, mnahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi ule ambao amplifaya inakula, na kiasi inachokula hakilingani na zile wati 400 za sauti. Kisomeni palepale kwenye kibandiko. Umeme wetu ni 50 Hz, kwa hiyo amplifaya nzito za zamani zenye transfoma kubwa ndani zilizokusudiwa 60 Hz zitapata joto zaidi. Jumlisha bei ya transfoma na uzito wa kuibeba kila Jumapili, kisha uone kama bei bado inavutia. Ukiendelea kuitaka, ipigie nusu saa kwa sauti ya kazi. Bonyeza koni (ile karatasi ya spika inayotikisika) taratibu kwa vidole vilivyotandazwa: ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Na uliza kama ni ya besi kweli, kwa sababu spika za amplifaya ya gitaa la solo hazikuumbwa kustahimili mwendo wa noti za chini.

Mikutano ya nje ni habari nyingine. Hakuna ukuta wala bati la kurudisha sauti, kwa hiyo besi inayovuma kanisani inayeyuka uwanjani. Kwa hiyo huko pigia kwenye mitambo mikubwa iliyokodiwa, na amplifaya yenu ibaki ya kujisikia. Kama mwenyeji hana mitambo yenye sabufa za kutosha, mwambieni mapema akodi. Hata wati 400 za amplifaya moja hazitabeba uwanja.

Kwenye jenereta, subirini itulie ndipo muwashe vyombo, na vyombo vizimwe kabla yake. Amplifaya na miksa zichukue umeme kutoka chanzo kimoja chenye ethi. Kama unapiga huku unaimba, ukaona midomo inachomwa na mshtuko ukiikaribia maikrofoni, acha palepale, weka gitaa chini, aitwe fundi umeme apime ethi kabla yeyote hajashika chombo tena.