Taa ya PH 5 ya mtumba inaumiza macho na kofia ya juu ni giza: anza na balbu kabla ya kumlaumu muuzaji

Mkuu, kama nimekuelewa, umenunua taa ya kuning'inia ya PH 5, ya mtumba, hapo Malmö, Sweden, umeitundika juu ya meza ya chakula na kuweka balbu ya LED uliyoikuta kabatini. Sasa ukikaa mezani mwanga unakuchoma macho, kofia ya juu ni giza tupu, na unajiuliza kama umeuziwa feki. Inawezekana, na nitafika hapo. Lakini anza na balbu, kisha urefu wa waya. Mara nyingi tatizo huishia kwenye hayo mawili.

(Nasema "kofia" kwa kile kinachofunika balbu. Kamusi zina "chengeu", ila nenda Kariakoo uombe chengeu uone kama hutaulizwa ni dawa ya nini.)

Poul Henningsen, aliyezaliwa Denmark mwaka 1894 na ambaye Wadenmark humwita PH tu, aliona mapema kwamba balbu ya umeme ni kali mno kwa jicho. Mwaka 1925 na 1926, akishirikiana na kampuni ya Louis Poulsen, akatoa mfumo wa kofia tatu zilizopangana, kubwa juu na ndogo chini. Vipenyo vyake vinakaribia uwiano wa 4:2:1. Ya juu ikiwa na sentimita 40, ya kati ina 20 na ya chini 10. Umbo la kila kofia limetokana na mzingo wa logarithimu, ule mkunjo unaouona kwenye gamba la konokono. Mzingo huo una tabia moja: mstari wowote utakaouchora kutoka kwenye kitovu chake utaukata kwa pembe ileile. Kwa hiyo kiini cha mwanga kikikaa kwenye kitovu, mwanga unaipiga kofia kwa pembe moja kuanzia shingoni hadi ukingoni, na kofia inang'aa kwa utulivu bila doa kali. Kingo nazo zimepangwa ili aliyekaa pembeni asikutane na balbu uso kwa uso.

Sogeza sasa kiini hicho sentimita 2 au 3 chini. Pembe zote zimevurugika. Kofia ya juu inapata masazo, ya chini inaelemewa, na jicho lako linaona kile lilichofichwa. Ndiyo maana kwenye taa hizi balbu uihesabu kama kipuri. Ukubwa wake na mahali mwanga unapotokea vina kazi yake.

PH 5 yenyewe ilitoka mwaka 1958, na hiyo 5 ni kipenyo cha kofia kubwa, sentimita 50. Kofia zake ni alumini. Wakati huo Henningsen alikuwa amechoshwa na watengeneza balbu, kwa sababu kila akishapiga hesabu zake wao wanabadilisha umbo na ukubwa. Akaamua kutengeneza taa itakayomeza balbu yoyote bila kuonyesha kiini chake. Ndani akaweka vipande vya rangi nyekundu na bluu. Sababu yake ni kwamba jicho la binadamu linaona zaidi rangi za katikati ya upinde wa mvua, yaani njano na kijani, basi akaongeza kidogo ncha zake mbili ili mwanga uwe na joto na utulivu. Ukiiwasha huoni wekundu wala ubluu waziwazi, ila uso wa mtu aliyekaa mezani unapendeza.

Sasa mtu atasema: kama PH 5 inameza balbu yoyote, kwa nini yangu inakataa? Kwa sababu balbu za kawaida za mwaka 1958 zilimwaga mwanga pande zote. Za LED nyingi hazifanyi hivyo.

Ichukue balbu yako, ishike kitako juu kama inavyoning'inia kwenye taa. Angalia sehemu kati ya skrubu na kioo. Kama kuna shingo nene ya plastiki nyeupe inayokula karibu nusu ya urefu wa balbu, umeshampata mwizi. Ndani ya shingo hiyo kuna saketi na bati la kupozea joto, na chipu za LED zimelala bapa juu yake zikitazama upande mmoja tu. Balbu ikining'inia, upande huo ni chini. Kofia ya juu, inayotegemea mwanga unaopanda na kwenda pembeni, inabaki kama paa la nyumba usiku, na mwanga wote unamiminika kwenye vipande vya chini na mezani.

Tafuta LED ya aina ya nyuzi, ile yenye vijiti vyembamba vinavyofanana na waya wa balbu za zamani. Shingo yake ni fupi na mwanga unatoka karibu pande zote. Chukua yenye kioo cheupe cha maziwa, kwa sababu ya kioo angavu itakupa vivuli vya mistari kwenye kofia na nukta kali za mwanga. Umbo ni A60, lile la kawaida la peasi, kitako cha kuzungusha cha E27, urefu kama milimita 105 hadi 110. Balbu kubwa za duara za G95 au G125 ziache. Ni nzuri zikiwa uchi kwenye waya, lakini humu zinashusha kiini na kuziba njia ya mwanga.

Kwenye boksi soma namba tatu. Kelvini, yaani rangi ya mwanga: 2700, 3000 ndiyo mwisho, na ukifika 4000 nyama inakuwa na rangi ya maiti na ile kazi ya nyekundu imepotea. CRI au Ra, yaani uhalisi wa rangi za vitu chini ya mwanga huo: chukua 90 kwenda juu. Lumeni, yaani wingi wa mwanga: 806 ndizo sawa na wati 60 za zamani, 1055 ni sawa na wati 75. PH 5 inarusharusha mwanga ndani kabla ya kuutoa, kwa hiyo sehemu yake inapotea njiani. Kwa meza ya watu sita ningeweka 1055. Kwa meza ndogo ya watu wawili watatu, 806 inatosha. Usiweke 470 ukitegemea hali ya mahaba, utakula samaki na miiba.

Kama una dima ukutani (swichi ya kupunguza mwanga) na balbu inapepesa au inavuma, jua dima ni ya enzi za balbu za waya. Nyingi za namna hiyo zinataka mzigo wa walau wati 40 hivi ili zifanye kazi vizuri, wewe umezipa wati 7. Badilisha dima iwe ya LED, na balbu iwe imeandikwa kwamba inakubali dima. Ukibadilisha kimoja tu unaweza kubaki palepale.

Tuje kwenye urefu. Kutoka uso wa meza hadi ukingo wa chini wa taa weka sentimita 60, ukicheza kati ya 55 na 65. Watu wetu wengi wanaona hapo ni chini mno, wanaipandisha hadi 90 ili "isizibe". Piga hesabu: meza ina sentimita 74, ongeza 60, unapata 134 kutoka sakafuni. Jicho la mtu mzima aliyekaa liko kama 115 hadi 125. Ukingo uko juu kidogo ya jicho, mnaonana vizuri mezani, na unaitazama taa kwa ubavu, upande ambao kingo zinafanya kazi ya kuficha. Ukiipandisha hadi 90 unaanza kuitazama kutoka chini, na mwanga unasambaa kila mahali badala ya kutulia kwenye sahani. Meza ya mita 2 na kuendelea ipe taa mbili: igawe meza nusu kwa nusu, kila taa ikae katikati ya nusu yake. Mita 2, basi taa ziko mita 1 mbalimbali.

Hapo ndipo desturi za kule Denmark zinaeleweka. Desemba Copenhagen inapata mchana wa saa saba hivi, jioni ni ndefu, na chumba kinagawanywa kwa vidimbwi vya mwanga: mmoja mezani, mmoja karibu na kiti cha kusomea, mwingine dirishani. Taa moja kali katikati ya dari, kama tulivyozoea sebuleni kwetu, wao wanaiona ni ya ofisini au hospitali. Ukiweka PH 5 peke yake ukategemea iangaze chumba kizima, utailaumu bure.

Sasa feki. Ukishaweka balbu sahihi kwenye urefu sahihi, kaa kwenye kiti na uzunguke meza nzima. Ukiona kiini cha mwanga kutoka kiti chochote, mikunjo ya kofia haiko sawa. Pitisha kidole ndani ya kofia kubwa: rangi halisi imefifia, hairudishi mng'aro. Feki nyingi zimepakwa rangi ya kung'aa hata ndani, nayo inafanya kama kioo. Bonyeza ukingo, bati jembamba linalonesa ni dalili mbaya. Angalia kama kofia zimelingana, kwa kupima nafasi kati yake kwa rula sehemu tatu. Zikipishana, ama ni nakala ya ovyo ama taa iliwahi kuanguka.

Kuna balaa jingine la mitumba: taa ni halisi ila mtu aliipaka rangi upya. Nje haidhuru sana. Ndani ndiyo msiba, hasa kama amefunika ile nyekundu na bluu kwa nyeupe ya kopo. Umbo limebaki, mwanga umekwenda. Ukiiona hivyo, bei ishuke sana au iache.

Uliuliza pia kuhusu taa nyingine za Denmark. Panthella ya Verner Panton, ya mwaka 1971, ina mguu mpana kama tarumbeta, na mguu huo nao unarudisha mwanga. Kwa hiyo usiujaze vitu kando yake, na iweke juu ya meza isiyo nyeusi. AJ ya Arne Jacobsen, ya hoteli ya SAS Royal ya Copenhagen iliyofunguliwa mwaka 1960, ni ya kusomea. Kofia yake inaelekeza mwanga upande mmoja, hivyo hapo hata LED yenye shingo haileti shida kubwa. Artichoke ya Henningsen, ya 1958, ina majani 72 katika safu 12 yaliyopishana ili usione balbu kutoka upande wowote. Kwa nyumba ya dari ya mita 2.5 sahau. Inaning'inia kama gari la moshi sebuleni, na kupangusa vumbi jani kwa jani ni kibarua cha siku nzima.

Kama bajeti inabana, mimi ningetazama taa za mikunjo za Le Klint. Kampuni ilianzishwa 1943, na kofia zinakunjwa kwa mkono. Ile inayofanana na tunda, namba 101, ni ya Kaare Klint, 1944. Yenye mawimbi, namba 172, ni ya Poul Christiansen, 1971. Mikunjo inafanya kazi mbili: inaipa kofia nguvu ya kusimama bila fremu, na inafanya upande mmoja wa kila mkunjo ung'ae na mwingine uwe na kivuli, hivyo mwanga unapata umbo. Mtumba wake ukague juu, karibu na holda. Balbu za zamani za wati 100 zilichoma hapo, pakawa pa manjano na pa kukatika kama biskuti. Hilo halitibiki. Vumbi litoe kwa brashi laini kufuata mkunjo, kamwe usikatize.

Kutundika: zima swichi ya saketi kwenye boksi, kisha hakikisha kwa tasta, kwa sababu kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi. Uzito wa taa ubebwe na ndoano ya dari, waya wa umeme usivutwe hata kidogo pale unapoingia kwenye viunganishi. Kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Taa ya mtumba yenye mwili wa chuma na waya wa nguo uliokauka na kupasuka, badilisha waya wote na holda kabla ya kuiwasha. Usikate waya siku ya kwanza. Uzungushe juu ndani ya kikombe cha darini, kile kinachofunika viunganishi, ule chakula chini ya taa wiki nzima, ukiridhika na urefu ndipo ukate, ukiacha akiba ya sentimita 15.

Na kama mpango ni kuipeleka nyumbani baadaye, umeme si tatizo, volti 230 za Sweden zinaelewana na zetu. Beba balbu mbili tatu, maana si kila duka lina za kuzungusha zenye CRI ya 90. Nyingi ni za pini au ni nyeupe kali. Halafu angalia pangaboi liko wapi. Taa ya waya chini ya feni inayumba usiku kucha, na skrubu za kofia zinalegea polepole. Sogeza ndoano ya taa mbali na mabawa, au funga feni ya ukutani.