Watu sita, siku nne Roma: fuateni saa za tiketi kwanza

Kwa watu sita wanaokwenda Roma mara ya kwanza, wenye siku nne tu, na swali likiwa waanze na kipi, jibu langu ni Colosseo (uwanja wa kale wa mapigano) na Makumbusho ya Vatikani. Hayo mawili ndiyo yenye tiketi za saa maalumu ya kuingia, zisizo na mjadala. Pantheon (hekalu la kale, kuingia ni kwa tiketi), chemchemi ya Trevi na uwanja wa Piazza Navona viko jirani jirani, jioni moja ya kutembea kwa miguu inatosha.

Kabla ya hapo, viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo), hata kama anaishi London kihalali, na anaombea kule anakoishi. Ada ni euro 90 na bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Uchambuzi wa kawaida huchukua siku 15, lakini miadi ya kupeleka fomu ndiyo inayochelewesha. Mkiunganisha na Paris, ombeni kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi, na ratiba zenu zifanane. Msinunue tiketi za Colosseo kabla viza hazijatoka, maana pesa hairudi.

Sasa Colosseo. Tiketi ya kawaida ni euro 18 na mauzo ya mtandaoni hufunguliwa siku 30 kabla ya siku ya kuingia. Za asubuhi huisha upesi, na tiketi sita za saa ileile ni ngumu zaidi kuzipata kuliko mbili. Kila tiketi ina jina, na mlangoni wanalilinganisha na pasipoti. Makundi mengi hukwama hapa: mnunuzi anaandika majina kama alivyoyahifadhi kwenye simu, na "Mama Neema" hayumo kwenye pasipoti yoyote. Kusanyeni picha za pasipoti zote kwanza, mtu mmoja anunue. Tiketi hiyo ni ya saa 24 na inaingiza pia Foro Romano (magofu ya kitovu cha mji wa kale) na kilima cha Palatino, ila Colosseo kwenyewe ni kwa saa iliyoandikwa tu. Fikeni nusu saa kabla, kwa sababu ya ukaguzi wa usalama, na msibebe chupa za kioo wala mabegi makubwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, na ndiyo siku mbaya kuliko zote: hakuna kuweka nafasi, foleni yake haisemeki.

Vatikani ni hesabu ya siku. Makumbusho hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure kwa saa chache na inajaa vibaya. Jumatano asubuhi Baba Mtakatifu akiwa Roma hukutana na waumini katika uwanja wa Mtakatifu Petro, hivyo kanisa la Mtakatifu Petro huchelewa kufunguliwa kwa wageni. Kwa hiyo chagueni Jumanne au Alhamisi. Tiketi ya makumbusho ni euro 20, na ukiweka nafasi mtandaoni unaongeza 5. Lipeni hiyo 5 bila kusita. Lango liko Viale Vaticano, shukeni metro kituo cha Ottaviano. Halipo uwanjani kwa Mtakatifu Petro, na anayekwenda uwanjani kwanza atazunguka ukuta kwa miguu robo saa huku saa yake ya kuingia inapita. Kanisani ni bure, ila mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Kupanda hadi juu ya kuba la kanisa hilo ni ngazi 551, na sehemu ya mwisho ni nyembamba na imeinama na ukuta. Mwenye shida ya magoti au pumzi abaki chini.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express ni euro 14 kwa mtu, dakika 32 hadi Termini, kituo kikuu cha treni mjini. Teksi nyeupe yenye maandishi ya Roma Capitale ina bei maalumu, euro 55 hadi ndani ya kuta za kale, mizigo imo. Wanne wakipanda teksi wanalipa karibu sawa na treni na wanashushwa mlangoni. Wawili waliobaki wapande treni. Treni ya bei nafuu ya FL1 haifiki Termini, wengi huikosea.

Mjini, tiketi ya basi na metro ni euro 1.50 kwa dakika 100, na ndani yake metro ni mara moja tu. Ukigusisha kadi ya benki, kadi moja ni ya mtu mmoja: usijaribu kuwalipia wenzako. Basi namba 64 la Termini hadi Vatikani lina wezi wa mifukoni, begi likae mbele.

Kodi ya utalii hulipwa hotelini, kwa nyota tatu ni euro 6 kwa mtu kwa usiku, na haimo kwenye bei mliyolipa mtandaoni. Chagueni mhazini mmoja, kila mtu amkabidhi kiasi sawa, yeye ndiye alipe chakula na kodi hiyo. Mhudumu wa mgahawa uliojaa hatawagawia bili mara sita. Meza ya sita wekeni nafasi mapema. Chakula cha jioni huanza kama saa moja na nusu usiku.