Wenzangu wanaoa, mimi sijui nataka nini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nimemaliza ualimu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), naishi kwa kaka, mtaa wa Nkuhungu hapa Dodoma. Ajira bado, wenzangu wanaoa, mimi hata sijui nataka nini. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wanaooa waache waoe. Michango utatoa ukipata. Wewe, ili ujue unataka nini, anza kwa kujaribu kazi. Zabibu zetu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Msimu ukifika nenda Mpunguzi au Hombolo, omba kibarua: kukata vichala kwa mkasi, kupanga kwenye kreti, kubishana bei na madalali. Jioni, mikono ikinata utamu, jiulize kipi hakikukuchosha: shamba, hesabu, au kumwelekeza mgeni wa kazi? Ikiwa ni kuelekeza, anzisha tuisheni hapo Nkuhungu. Kaka naye atafurahi ukichangia hata mkaa.